Kongoro la Wageni wa Padri

Kitendawili, mjukuu wangu: nguo yangu hulia ikitafunwa. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni ngozi ya kongoro la nguruwe lililokauka vizuri kwenye tanuri.

La Fridolina, mpishi wa padri, lilitoka laini kama kandambili, na wageni wa padri walishakaa mezani. Ikabidi amwite Emeliana, mpishi wa zamani, aliyefukuzwa kwa wizi wa nyama.

Emeliana akachota chumvi, akaifumbata. "Ngozi nitaikausha. Kwanza niambie, nani aliiba ile nyama?"

"Dada, hayo yalishapita."

"Kwako. Mimi sokoni bado naitwa mwizi."

Padri akachungulia jikoni. "Jamani, chakula vipi?"

"Muulize mpishi wako, Baba."

Ngumi ya Emeliana yenye chumvi ilikuwa bado imefumbwa juu ya kongoro, Fridolina aliposema, "Niliiba mimi, Baba."