Gauni Lililorefuka

Gauni liliburuta sakafuni.

Fundi alijitazama kwenye kioo cha chumba chake cha ushonaji, akacheka. Gauni hili alijishonea mwenyewe kwa harusi ya mdogo wake miaka kadhaa iliyopita, likamkaa kama aliyezaliwa nalo, pindo likigusa vifundo vya miguu tu. Leo alikuwa akilikanyaga.

"Mwanangu, hebu njoo. Pindo limefumuka hili."

Binti yake akapiga magoti, akapitisha vidole kwenye pindo lote. "Halijafumuka, mama. Uzi ni uleule wako."

"Basi kitambaa kimevutika."

Maneno hayo yalipomtoka, kicheko kikamkauka. Miaka nenda miaka rudi amekuwa akiwaambia wateja kwamba pamba ikifuliwa hurudi ikawa fupi, haijapata kurefuka.

Akakumbuka maumivu ya mgongo, aliyoyasingizia cherehani. Akamkumbuka na muuguzi aliyemshauri, hedhi ilipokoma, akapime mifupa, naye akamjibu kwamba mifupa yake ni chuma cha pua.

Binti akachukua utepe wa kupimia, akaikanyaga ncha yake sakafuni, akaupandisha hadi utosini mwa mama. Akapima tena.

Kisha akaweka kiganja mgongoni mwa mama yake, chini kidogo ya shingo, pale palipokuwa pameanza kupinda.

"Hebu simama wima, mama."

"Mwanangu," fundi alisema taratibu, "nimesimama wima."