Konokono Juu ya Jani

Siku ya tatu tangu lori la kwenda Kamango lishambuliwe njiani, redio ya mjini Butembo ilitangaza kwamba sasa yatasomwa majina ya waliouawa. Jokébed, mke wa dereva wa lori hilo, alikuwa amesimama uani kwake, mtaa wa Rughenda, redio ameikumbatia kifuani.

Mtangazaji alikohoa. "Wa kwanza..."

Jokébed akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa mawe ya redio yote manne.

"Mama, kuya uone!" binti yake wa miaka minne aliita kutoka migombani. "Iko na macho juu ya pembe!"

Alikwenda, akapiga magoti kwenye tope. Konokono alikuwa akitambaa juu ya jani la mgomba lililoanguka. Mtoto aligusa pembe moja kwa ncha ya kidole. Jicho likajivuta ndani, likapotea, kisha likachomoza tena polepole, dogo kama punje ya ulezi. Jokébed akacheka kwa sauti. Tangu utotoni hakuwahi kukitazama kitu hivyo, bila haraka yoyote.

"Gusa tena," alimnong'oneza binti yake. "Gusa tena, mama."

Nyumba ya pili, redio iliyokuwa ikinguruma ilizimwa ghafla.

Jirani akaingia bila viatu, mikono kichwani.

"Dada yangu, basoma jina ya..."

"Ngoya kwanza," Jokébed alisema bila kuinua uso, vidole vyake vimezama topeni. "Haiyafika mwisho ya jani."