Mgonjwa wa Mwisho wa Benchi

Siku hiyo mjinga alikuwa Lutengano, na ujinga wenyewe alijibebea kwapani: jogoo wa jirani, mzima wa afya, aliyeazimwa ili asingiziwe ugonjwa. Alikuja naye kwenye kliniki ya wanyama ambako mkewe, Atupele, hukaa mezani kupokea wagonjwa, akajibanza mwisho wa benchi. Maneno ya mtaani yalikuwa yamemfikia: kuna bwana mmoja, mashati yamenyooka, kila asubuhi yuko pale na mbwa wake.

Kweli, bwana akaingia, mbwa akichechemea. Atupele akainuka kitini, akaizunguka meza, akachuchumaa na kumshika mbwa mashavu kwa mikono miwili.

“Jamani, pole mwaya! Umelalaje? Kidonda kimekusumbua? Umekula lakini?”

Yule bwana hakutupiwa hata jicho. Hapo Lutengano angeshusha pumzi, ajirudie zake nyumbani. Wapi! Moyo ndio kwanza ukawaka. Alikuja na wivu wa mwanamume, sasa anaonea wivu mbwa.

Atupele akamwona. “Heh, Baba Suma! Na huyo jogoo anaumwa nini?”

“Achana na jogoo! Mimi mumeo, lini umeniuliza nimelalaje?”

Benchi zima likageuza shingo, wenye paka kwa wenye mbuzi.

“Jana asubuhi,” Atupele alijibu, mkono bado uko shavuni mwa mbwa. “Huyu nikimuuliza anatikisa mkia. Wewe ulinijibu, chai iko wapi?”