Maua Juu ya Geti

Mzee Maeng alisimama ndani ya geti la tiketi la stesheni ya treni, chini ya ardhi ya jiji la Seoul, amekumbatia shada la maua. Wazee hupanda treni bure, ndiyo maana wauza maua huwatuma wao.

Upande wa pili wa geti akaja aliyeletewa maua, mwanamke mwenye koti la kijivu, wenzake wa ofisini wakimfuata kwa vicheko.

"Kumbe dada una mtu, na siku zote unatuficha!"

"Hata mimi nashangaa," alijibu.

Kadi ya maua haikuwa na jina la aliyetuma. Mzee, kama kazi yake inavyotaka, akampigia aliyetuma, kwa namba aliyopewa dukani, kumwambia mzigo umefika.

Simu ikaita mkononi mwa yule mwanamke.

Wenzake, macho yote kwenye maua, hawakung'amua. Kidole gumba chake, chenye plasta iliyochakaa, kikaibonyeza simu mpaka ikanyamaza. Akamkazia mzee macho, hapepesi.

Mzee Maeng akairudisha mfukoni simu yake, ambayo kazi ikiisha haiiti tena.

"Babu, huyo aliyetuma yukoje?" mmoja akadakia. "Ana sura, au tumwonee dada huruma?"

Mzee akampa mwanamke maua juu ya geti, kwa mikono miwili.

"Ana sura nzuri," akasema. "Tena wanafanana sana."