Waliopita Kwenye Chujio

Ng'washi aliinamia hadubini, akasahau kupumua.

Maji yale ya mfereji wa Rujewa aliyachuja mwenyewe siku tisa zilizopita, kwa chujio la maabara ambalo alifundishwa kwamba bakteria hawapiti, kisha akaifunga chupa barabara. Leo asubuhi alikuta yameingia ukungu mwembamba, kama pumzi juu ya kioo.

Na sasa aliwaona. Wengine mfano wa nukta, wengine wamepinda, wengine wamejisokota kama uzi, wadogo kuliko bakteria wote aliowahi kuwaona. Walikuwa hai, na hakumjua hata mmoja.

Alimpigia mama yake simu.

"Mayu, lile dumu la maji ya mfereji niliyowachujia, bado mnalo?"

"Tunalo, mwanangu. Tunakunywa hayo hayo. Si ulisema tusichemshe tena?"

"Yamwage, Mayu. Yamwage sasa hivi!"

"Kwani yana nini? Mbona matamu hivi? Mwanao siku hizi hataki hata maziwa."

Nyuma ya sauti ya mama, Ng'washi alimsikia mwanawe akigugumia maji, akahema, kisha akasema, "Bibi, niongeze."