Mandazi ya Jioni

Mwaka wa mahindi ya manjano, Nyeri nzima ilipokuwa ikitafuta cha kula, Mwalimu Wamucii alikuwa akikikimbia.

Jioni hiyo alisimama jikoni akisukutua kinywa kwa maji ya chumvi, hila aliyojibunia ya kuua hamu. Daktari wa Nairobi alikuwa amesema bila kuficha: figo yake moja ingemfaa Gatimu, ndugu yake, lakini yeye hathubutu kumpasua mtu mwenye uzito ule. Apunguze kilo kumi kwanza. Na afanye hima, kwa maana figo zote mbili za Gatimu zilikuwa zimekufa.

Basi chakula chake kikawa kabichi ya kuchemsha na kibakuli cha githeri, mahindi na maharagwe, isiyotiwa mafuta. Mchana aliweza. Jioni ndiyo iliyomshinda, saa ile mwili umechoka na chai imechemka bila kitafunio.

Hodi ikabishwa. Alikuwa Apondi, muuza mandazi wa lango la hospitali ya mjini, ameshika kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta.

"Apondi, jana nilikuambia usilete tena."

"Mimi natumwa tu, Mwalimu. Yakipoa, ni wewe umeyapoza."

"Nani anakutuma?"

"Aliniapisha." Apondi akakiweka kifurushi dirishani, akaenda zake.

Wamucii hakuhitaji kuambiwa. Kabura, mama mkwe wake, hakuwahi kuuficha uchungu wake juu ya mpango ule. "Mwaka wa njaa, bibi ya mtoto wangu anakonda!" alikuwa amelalamika mbele ya wageni. "Kanisani watasema hatumlishi. Na ati mama ya watoto apasuliwe kama mbuzi?"

Wiki ya kwanza Wamucii aliwapa watoto mandazi yale. Wiki ya pili alimega kipande, aonje tu. Yalikuwa ya maziwa na iliki, kama alivyoyapenda tangu utotoni. Wiki ya tatu alikuwa akiyala yote, wima, mgongo ameuegemeza mlangoni ili mtu asiingie, machozi yakimtiririka huku akitafuna.

Jumapili alikwenda hospitali ya mjini kumwona Gatimu aliyelazwa huko. Uso ulikuwa umemvimba, lakini mzaha haukuwa umemtoka.

"Dada, leo unang'aa! Umekula nini?"

"Usinicheke. Nimeshindwa, Gatimu. Kesho naanza upya."

"Wacha kujitesa. Wewe uko na figo mbili na watoto watatu. Hata mimi niliyefeli hesabu naona hazitoshi."

Alicheka peke yake. Wamucii alimfunika miguu, akamwahidi kwamba safari hii hatakula hata punje.

Siku ya kupimwa ilipofika, mizani ilionyesha ameongeza kilo mbili. Daktari alitikisa kichwa, akampa miezi miwili zaidi. Gatimu hakuwa nayo. Walimzika nyumbani kwao Mweiga, mvua za kwanza zilipokuwa zikianza kuilainisha ardhi iliyokuwa ngumu kama jiwe.

Maombi yalipokwisha, Kabura alimjia mkwewe, akanyoosha mikono kumkumbatia. Wamucii akarudi nyuma.

"Usiniguse, Mama. Umemuua ndugu yangu kwa mandazi."

 Kabura aliishusha mikono yake polepole, kama mtu aliyepokonywa mtoto.

"Mandazi gani, mwanangu?"

"Yale uliyokuwa ukinitumia kila jioni! Ulijua sitaweza kuyakataa. Ulijua!"

Ndipo Apondi, aliyekuwa amesimama nyuma ya wengine, leso yake imelowa mvua, akapenya mbele na kumshika Wamucii mkono.

"Mwalimu, usimwonee mama wa watu," alisema kwa sauti ndogo. "Aliyekuwa ananituma ni huyu tumemfunika na udongo sasa hivi."