Hatua ya Nne

"Mzee Penseli, hapa umeteleza," mkuu wa kipindi alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Bata anaumwa, amelala nyumbani. Korongo anakwenda kisimani peke yake. Sasa hapa anamngoja nani?"

Mchoraji akavaa miwani. Kweli bwana, kila baada ya hatua nne korongo alisimama, akanyoosha bawa nyuma bila kugeuka, kama alivyomfanyia mkewe, yule bata, kwa miaka tisa ya katuni ile. Hicho ndicho watoto walichokipenda. Barua zao ziliuliza jambo lilelile: anajuaje kwamba bata amechoka?

Mzee hakuwahi kuwajibu. Nyumbani alikuwa na mke mwenye mguu mmoja mfupi, basi.

"Samahani, mwanangu. Sikuliona."

"Si neno. Mwache atembee tu mpaka afike, kama mtu yeyote."

Kila mwendo aliuchora baada ya kuutembea mwenyewe, kwa hiyo akatoka hadi kwenye ujia wa nje, mkuu akimtazama kutoka mlangoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Miguu ikagoma. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwenda nyuma, vidole wazi, kama ulivyozoea kabla ya mazishi ya mkewe miezi minne iliyopita.

Akarudi alipoanzia, akaanza upya. Kwenye ya nne akasimama tena.

"Mpe mwenzangu kazi hii," alisema bila kugeuka. "Hatua ya tano mimi siijui."